Shangazi, muuzaji aliniambia wote ni majike

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nimepanga vyumba viwili hapa Iringa mjini. Binti yangu wa kwanza ana miaka tisa. Mwaka jana alivunjika mguu akakaa nyumbani muda mrefu, na kila siku alikuwa anaketi mlangoni akiwatazama simbilisi wa jirani, wale wanyama wadogo wa manyoya, wakila majani. Tangu hapo ukawa ndio wimbo wake: na mimi nataka. Mwisho nilimwendea mwenye nyumba, akakubali kwa sharti moja tu, kwamba wawe wawili, wasizidi.

Tarehe 14 Machi nikaenda sokoni. Nilimweleza muuzaji waziwazi kwamba nataka majike wawili, sitaki kuzalisha. Akaingiza mkono kwenye tenga, akatoa mmoja mweupe mwenye doa la kahawia na mwingine mweusi, akawageuza harakaharaka, akaniambia, "Wote majike mama, nenda na amani." Alisema wana mwezi mmoja na nusu. Mtoto akamwita mweupe Tausi na mweusi Pili.

Leo ni tarehe 6 Juni na nyumba haina raha. Pili amekuwa mkubwa kuliko mwenzake. Anamzunguka huku ananguruma kama pikipiki inayosikika kwa mbali, anayumbisha makalio, kisha anampanda. Tausi anamkimbia, na siku nyingine anamrushia mkojo. Tumbo la Tausi nalo limetanuka huku na huku, akitulia anaonekana kama kibuyu.

Kila mtu ana lake. Jirani alimshika Pili, akaona chuchu mbili, akasema hili ni jike, hakuna mjadala. Shemeji yangu naye akasema angekuwa dume tungeona korodani zinaning'inia kama za beberu, na mbona hatuzioni. Mwingine akasema Tausi ana ugonjwa wa tumbo tu, nimpe amoksilini nusu kidonge. Sijampa, nimeona nikuulize kwanza.

Shangazi, nikuambie ukweli. Mimi mwenyewe sijawahi kuwatazama. Naona haya. Nimelelewa kwamba sehemu za siri hazitajwi wala hazichunguzwi, na mtoto yuko pembeni muda wote. Baba yao ni dereva wa lori, yuko safarini.

Nitajuaje? Na kama ni mimba, mwenye nyumba nimwambie nini, na huyu mtoto nimwambie nini?

Mama wa Tausi na Pili, Iringa

*

Marahaba mwanangu.

Kabla hujaendelea kusoma, simama ukamtoe Pili humo. Tafuta boksi, mtandikie nyasi kavu, mpe maji na majani yake, mweke karibu na Tausi wasikiane lakini wasigusane. Ukirudi tuzungumze. Kama ni jike, hutakuwa umempunguzia kitu kwa kulala siku mbili peke yake. Kama ni dume, huenda umefika kwa wakati. Kwa simbilisi, asiyejulikana ni dume mpaka utakapomwona kwa macho yako kwamba siye.

Ninakuharakisha kwa sababu hii. Simbilisi jike akishazaa, ndani ya saa chache tu mwili wake uko tayari kupokea mimba nyingine. Dume akiwa bandani usiku huo, mama atakuwa ananyonyesha huku amebeba tena, na hapo hana alipopumzikia hata siku moja. Nimeona majike waliopitishwa hivyo mara tatu mfululizo. Wanabaki mifupa na manyoya.

Sasa tuichukue kalenda yako, maana umeniandikia tarehe, na tarehe zinasema mengi. Mimba ya simbilisi huchukua siku 59 hadi 72, wengi huzaa karibu na siku ya 65. Tangu tarehe 14 Machi mpaka leo ni siku 84. Kwa hiyo kama Tausi angebebeshwa mimba kule kwenye tenga la sokoni, angeshazaa siku nyingi. Tumbo hilo, kama ni la mimba, limeingia akiwa kwako. Na kwako yupo na nani? Yupo na Pili peke yake. Ndiyo maana nakuambia maswali yako mawili ni swali moja. Ukimjua Pili, umemjua na Tausi, na huna haja ya kumgeuzageuza mwenye tumbo kubwa.

Kuhusu haya, mwanangu, sikucheki. Nimekulia nyumba kama yako. Lakini haya tuliyofundishwa ni ya kutunza heshima ya binadamu, na mnyama uliyemfungia bandani hana mwingine wa kumtazama isipokuwa wewe. Mfugaji wa ng'ombe huinua mkia, wa mbuzi huinua mkia, wa kuku naye huishia kubinua kifaranga. Bibi zetu wa huku Nyanda za Juu Kusini wamefuga simbilisi jikoni, wakizunguka mafiga na kula maganda, na hakuna bibi aliyeuliza jirani yupi ni jike. Aliokota, akatazama, akarudisha. Binti yako wa miaka tisa akikuona unafanya hivyo kwa utulivu, atajifunza kwamba mwili ni kitu cha kutunzwa. Akikuona unageuza uso, atajifunza kuogopa. Mwite asaidie, kazi yake iwe kushika jani la mbele.

Fanya hivi. Kaa chini sakafuni au kwenye mkeka, maana simbilisi akidondoka kutoka kwenye kiti anaweza kuvunjika mgongo. Tandika taulo mapajani. Mchukue Pili kwa mikono miwili, mmoja chini ya kifua chake, mwingine umebeba makalio, uzito wake wote ukae kwenye viganja. Usimshike kwa ngozi ya shingo. Mwegemeze mgongo wake kifuani pako, tumbo lake litazame mbele, makalio yabaki kwenye kiganja chako. Mtoto ampe jani la kotmiri atafune. Mahali pawe na mwanga wa kutosha. Sasa kwa kidole gumba, polepole sana, vuta ngozi ya chini ya tumbo, kidogo juu ya sehemu ya siri, kuelekea juu.

Akiwa jike utaona mkunjo wenye umbo la herufi Y. Mikono miwili ya Y iko juu, mguu wake unashuka kuelekea njia ya haja. Njia ya uzazi yenyewe hutaiona wazi, kwa sababu simbilisi jike ana utando mwembamba unaoifunga karibu siku zote na kufunguka anapokuwa kwenye joto, yaani anapohitaji dume, na anapozaa. Akiwa dume utaona kinundu cha mviringo juu na mstari mmoja chini yake, kama herufi i ndogo na nukta yake. Bado una shaka? Weka ncha ya kidole juu ya kile kinundu, upande wa tumboni, ubonyeze taratibu kama unavyojaribu parachichi kama limeiva. Kwa dume utahisi kitu chembamba kigumu kama kijiti chini ya ngozi, na mara nyingi uume utachomoza kidogo wenyewe. Kwa jike hakichomozi kitu. Hapo hakuna ubishi tena. Dakika moja haiishi, mrudishe.

Piga picha kabla hujamrudisha. Ukibaki na wasiwasi, mwonyeshe afisa mifugo wa kata yako hiyo picha, usilazimike kumbeba mnyama kwenye bajaji.

Jirani yako aliona sawa ila alihitimisha vibaya. Chuchu mbili ni kweli zipo, lakini simbilisi dume anazo mbili na jike anazo mbili. Huenda alizoea panya, ambao dume hana. Kuna na wale watakaokuambia upime nafasi kati ya sehemu ya siri na njia ya haja, kwamba kwa dume ni ndefu. Kwa panya na hamsta ni kipimo kizuri sana. Kwa simbilisi hakifai, nafasi hizo karibu zinalingana. Wengi wanaokosea jinsia ya simbilisi hawakosi macho, wanatumia elimu ya mnyama mwingine.

Na shemeji? Korodani za simbilisi haziningʼinii kama za beberu. Akikomaa huonekana kama uvimbe laini pande mbili za sehemu ya siri, na hata hivyo ana uwezo wa kuzirudisha ndani ya tumbo, hasa akishtuka au akishikwa na mgeni. Ukiziona, ni dume. Usipoziona, hujajua bado.

Hata kule kunguruma na kupanda kusikupe uamuzi. Jike akiingia kwenye joto, ambalo hurudi kila baada ya siku 16 hivi, naye hunguruma, huyumbisha makalio na kumpanda mwenzake. Lakini ukiniuliza mimi, ukubwa wa mwili, mngurumo wa kila siku, na huyo Tausi anayerusha mkojo kumfukuza, vyote pamoja vinanielekeza kwa dume. Na muuzaji sitamwita mwongo. Wa umri ule, katika tenga lenye giza, kwa kumgeuza mara moja, hata mzoefu hukosea, maana kwa wadogo tofauti ni ndogo mno. Siku nyingine usiondoke sokoni kabla hujamwomba akushikie wawili kwa pamoja, uwalinganishe. Ukiona Y na i vimekaa jirani, hutasahau tena.

Tuje kwa Tausi. Kama Pili ni dume, mchukulie ana mimba, usingoje uhakika zaidi. Usimlaze chali wala kumminya tumbo kutafuta watoto. Mweke kwenye mizani ya jikoni mara moja kwa wiki, ndani ya bakuli, uandike. Wa mafuta huongezeka kidogokidogo. Mwenye mimba iliyokomaa anaruka gramu nyingi wiki hadi wiki. Katika wiki za mwisho, akilala ametulia, utaona ubavu unacheza wenyewe. Mwite binti yako aone, ni kitu kizuri sana kukiona.

Kuna jambo moja la heri. Kwa hesabu yako Tausi ana miezi minne na kidogo. Jike akichelewa kuzaa mara ya kwanza mpaka apite miezi sita au saba, mfupa wa mbele wa nyonga hukaza na watoto wanaweza kushindwa kupita. Yeye bado yuko upande salama.

Nyasi zisikosekane mbele yake, mchana na usiku, na maji safi. Halafu vitamini C. Simbilisi, kama sisi, hawezi kuitengeneza mwilini, lazima aile kila siku, na mwenye mimba anahitaji zaidi. Asipoipata hupata kiseyeye: hukakamaa viungo, huchechemea, fizi hutoka damu, na wengi hudhani ni baridi. Kipande cha pilipili hoho kila siku, pera linapopatikana, kotmiri, majani ya sukuma wiki kidogo. Usimpe majani ya nyanya wala ya viazi mviringo, na ingawa huku kwetu maparachichi yanaokotwa chini ya miti, usimpe, tunda wala jani. Asibadilishiwe chakula ghafla na asikose mlo hata mmoja. Simbilisi mwenye mimba akiacha kula, hilo ni la kumkimbiza kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, usingoje kesho.

Nakushukuru kwa moyo wangu wote kwamba hukumpa ile nusu kidonge. Amoksilini, ampisilini na ndugu zake wa jamii ya penisilini, ukimlisha simbilisi, huua vijidudu vyema vya utumbo wake, vibaya vikashika nafasi na kumwaga sumu. Anaharisha na kufa ndani ya siku chache. Dawa inayotuponya sisi inamuua yeye. Waambie na majirani wenye simbilisi, hata wale wa kitoweo.

Tumbo likiwa gumu kama ngoma ukiligusa, naye amejikunyata hali, hiyo si mimba, ni gesi, na ni haraka vilevile. Kama afisa mifugo hajawahi kutibu simbilisi, muombe awasiliane na hospitali ya wanyama ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kule Morogoro kabla hajamchoma sindano yoyote.

Siku ya kuzaa hutahitaji kufanya kitu. Mara nyingi hutoka wawili hadi wanne, kila mmoja na gramu 70 hadi 100 hivi. Watakushangaza: wanazaliwa na manyoya, macho wazi, meno mdomoni, na siku ya kwanza tu wanaguguna nyasi pembeni ya mama yao. Usimsaidie isipokuwa amejikaza nusu saa nzima hakuna kilichotoka, au unaona damu nyingi. Hapo tafuta daktari.

Kisha hesabu siku 21. Weka alama kwenye kalenda ya ukutani. Siku hiyo uwageuze watoto wote kama ulivyojifunza kwa Pili, na kila dume atoke kwa mama yake na dada zake, bila kuonewa huruma kwamba bado ni mdogo. Hapa nasema kwa uchungu. Miaka mingi nyuma niliwaacha madume wawili wakae na mama yao mpaka wiki ya sita kwa sababu niliwaona wachanga, na kwa sababu nilikuwa nimewatazama mara moja tu, jioni, kwa mwanga wa koroboi. Dada yao mmoja alibeba mimba kabla hajawa na mwili wa kuibeba. Alikufa akizaa, na watoto wake wote. Alikuwa na gramu mia nne na ushee. Tangu siku hiyo ninawatazama mara tatu: siku ya pili, wiki ya pili, na siku ya 21, mchana, jua likiwa juu.

Pili sasa, kama ni dume, atakaa wapi? Hawezi kurudi kwa Tausi. Kuhasi kunawezekana, lakini dawa ya usingizi kwa mnyama mdogo hivi inataka mkono uliozoea, na hata baada ya kuhasiwa hubaki na mbegu kwa wiki kadhaa, kwa hiyo asirudishwe kabla ya wiki sita kwisha. Mimi ningemwachia mtoto wake wa kiume. Baba na mwana aliyetolewa kwa mama akiwa na wiki tatu huwa wanapatana vizuri, mradi banda ni pana na hakuna jike karibu wa kugombewa. Vivyo hivyo Tausi abaki na binti yake mmoja. Simbilisi wa peke yake hunyong'onyea.

Hapo tumefika wanne, na mwenye nyumba alisema wawili. Nenda kwake sasa, kabla watoto hawajazaliwa na kabla hajasikia kwa mpangaji mwingine. Usiende na malalamiko juu ya muuzaji. Mwambie ulichoahidi, kilichotokea bila kukusudia, na lini kitakwisha: kwamba wiki tano baada ya kuzaliwa watoto watakuwa wamegawiwa, na kwamba unamwomba nafasi ya wanne badala ya wawili, mabanda mawili, uchafu ukitolewa kila siku. Akikataa wanne, basi bakini na wawili wa jinsia moja, yaani Tausi na binti yake; Pili na mwanawe waende kwa mtu anayeaminika.

Na mtoto mwambie yote. Wewe na mimi tunajua Iringa simbilisi ni kitoweo. Mimi mwenyewe nimewala, na sioni kosa kwa anayewala. Lakini binti yako ameahidiwa rafiki. Anayekuja kuchukua watoto muulize mbele yake: unawachukua wa kufuga au wa sufuria? Atakayesema wa sufuria usimfiche mtoto, ila usimpe. Usije ukamwambia wamekwenda shamba kula majani kumbe wamekwenda kwingine. Atakuja kujua, na hapo ndipo utakuwa umemvunja mguu wa pili.

Jina la Pili libaki kama lilivyo, hata akiwa dume. Simbilisi hujali zaidi mlio wa mfuko wa majani unapofunguliwa, ndipo utawasikia wote wakipiga kelele. Niandikie kesho ukishamtazama.

Shangazi yako